Pikipiki ikishaoshwa: tambara, jua, upepo wa kompresa au kuiendesha? Njooni tujadili

DerevaMbagala

Wakuu, salaam.

Msimu wa mvua ndiyo huu, na sisi tunaopita barabara za ndani huku Mbagala tope linatupandia mpaka kwenye tenki, kwa hiyo kuosha ni karibu kila jioni. Kwenye kuosha hatubishani sana. Ubishi kijiweni unaanza ndoo ikishawekwa pembeni. Mmoja anapitisha tambara anaondoka, mwingine anaianika juani anaenda kula, wa tatu anaiwasha na kuivutia mafuta pale pale ilipo, wa nne anaisukuma mpaka kwa mziba pancha ipigwe upepo.

Nianze na langu. Mimi naona kukausha kuna uzito kuliko hata kuosha kwenyewe. Pikipiki yenye vumbi inapiga kazi vizuri tu. Ila pikipiki inayong'aa huku ina maji kwenye kepu ya plagi, kwenye swichi na ndani ya cheni, hiyo itakusimamisha njiani na abiria yuko mgongoni, na kutu itaila mahali usipopaona. Ndiyo maana kabla sijauliza nikaushe na nini, nauliza maji yamekaa wapi.

Ninavyofanya: nikishasuuza naiacha kwenye stendi kubwa ichuruzike, halafu naiegemeza kwenye stendi ndogo na kugeuza usukani kushoto na kulia. Hapo maji yanatoka chini ya taa na kwenye mafungu ya waya, mengi kuliko unavyodhani. Kisha kitambaa, kuanzia juu: vioo, dashibodi, tenki, siti, makava, rimu mwisho kabisa. Kitambaa cha rimu hakirudi kwenye tenki hata siku moja, kina mchanga. Baada ya hapo upepo kwenye sehemu za ndani, naizungusha mtaani kidogo, nikirudi cheni ikiwa na joto naitia oili.

Wenzangu mnafanyaje? Hasa mlio mbali na kompresa.

KijanaWaIpagala

Mkuu unajichosha bure. Njoo Dodoma uone. Jua la saa saba na upepo wetu huu, weka chombo nje nusu saa, hutakuta tone. Sina kompresa, sina taulo maalumu, na pikipiki yangu inadunda. Jua halina bili.

Juhudi na Maarifa

Naunga mkono Dodoma. Jua ndiyo mpango mzima.

FundiMchikichini

Naomba niingie hapa, maana hizi pikipiki "zilizokaushwa na jua" ndizo zinazoletwa kwangu asubuhi zikiwa zinamisi.

Jua linaondoa maji peke yake. Kilichokuwa ndani ya maji kinabaki pale pale. Kijana wa Ipagala, fungua birika lako la chai uangalie ukoko mweupe chini. Sehemu kubwa ya maji ya Dodoma mjini yanatoka visima vya Mzakwe, ni maji ya ardhini, yamebeba chokaa. Tone likikaukia kwenye tenki lenye joto linaacha duara jeupe, na ukilisugua baadaye na tambara kavu unaichuna rangi. Huku Dar ni hivyo hivyo kwa wanaooshea maji ya kisima, na visima vingi vya huku vina chumvi juu ya hiyo chokaa. Nawaambia wateja: kama umeosha na maji ya kisima, tafuta hata nusu ndoo ya maji ya bomba yale ya Ruvu, suuza nayo mwisho, kisha futa papo hapo kivulini. Usiyaache yajikaukie yenyewe.

La pili, jua halifiki kwenye shida. Twende kwenye shimo la plagi. Injini nyingi za hizi pikipiki plagi imekaa kwenye kishimo kichwani mwa silinda. Watengenezaji wanaweka tundu dogo pembeni ya kichwa ili maji yatoke. Tope la wiki mbili linaziba lile tundu, wewe unaosha, maji yanajaa kishimoni, kepu ya plagi inaoga. Ukiwasha, umeme unakimbilia kwenye bodi badala ya kuruka kwenye plagi. Chukua kipande cha spoku au waya mwembamba, zibua tundu, injini ikiwa imepoa. Halafu vuta kepu, ifute ndani, ipulize, irudishe mpaka usikie imekaa.

Na mfuniko wa tenki. Pikipiki nyingi pale mfuniko unapokaa pana kijibeseni, na chini yake kuna mfereji mdogo unaoshusha maji mpaka chini ya injini. Ukiziba, maji yanasimama yamezunguka mfuniko, na siku ukifungua kuweka mafuta yanateremka tenkini. Mteja anakuja na maneno kwamba sheli wamemuuzia mafuta ya maji. Tunalegeza skrubu ya chini ya kabureta, yanatoka matone yanayoviringika kwenye kiganja, hayachanganyiki na petroli. Kausha hapo na ncha ya kitambaa KABLA ya kufungua mfuniko. Ni kazi ya sekunde chache.

DerevaMbagala

Asante sana fundi. Hilo la mfereji wa tenki wengi hawalijui kabisa. Vipi kuhusu kuiwasha na kuivutia mafuta pale pale? Kijiweni kwetu hii ndiyo dini ya wengi.

FundiMchikichini

Ni nusu ya dawa, na nusu dawa kwenye ekzozi ni hasara. Petroli yenyewe ikiungua inazaa maji. Lita moja ya petroli inatoa karibu lita moja ya maji kwa njia ya mvuke. Ekzozi ikiwa ya moto sana mvuke unatoka wote. Ikiwa bado ya baridi unagandia ndani na kuwa matone, ndiyo hayo unayoona yanadondoka kwenye ncha ya bomba asubuhi. Sasa wewe umeosha, umewasha dakika mbili, umezima. Umeongeza maji mapya juu ya yale yaliyoingia wakati wa kuosha. Fanya hivyo kila jioni, ekzozi itaoza kuanzia ndani, utaona tundu siku linapopiga kelele.

Ukiamua kuiwasha, iendeshe. Kilomita kadhaa, injini ishike moto wa kazi. Upepo wa barabarani unapita kwenye mapezi ya silinda, joto linakausha kuzunguka kabureta na koili, cheni inarusha maji kwa mzunguko wake. Hakuna kompresa inayofanya yote hayo kwa pamoja. Na kitabu cha Honda chenyewe, kile kinachokuja na chombo, kinakataza maji ya presha kali kwenye vitovu vya magurudumu, swichi na mdomo wa ekzozi, na kinasema baada ya kuosha ujaribu breki kabla ya kuingia barabarani. Hapo kwenye breki ndipo watu wanaumia.

MwanaPangani

Alichosema fundi kuhusu chumvi nakikazia. Sisi wa mwambao, hata usipoosha, hewa ya bahari inaleta chumvi kwenye chombo. Chumvi inavuta unyevu hewani, kwa hiyo bati lenye chumvi halikauki sawasawa hata ukilianika mchana kutwa. Usiku unyevu unarudi pale pale na kutu inaendelea na kazi yake. Huku pwani kukausha bila kusuuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi ni kazi bure. Angalieni spoku pale zinapoingia kwenye kitovu, angalieni miguu ya siti, angalieni nati za chini ya mkia. Kutu inaanzia humo.

Mimi nikishakausha napaka oili kiduchu kwa kitambaa kwenye nati na spoku. Sipaki kwenye diski wala tairi!!!

DadaWaSkuta

Habari zenu kaka zangu. Nina skuta, naosha mwenyewe nyumbani Sinza. Swali la vitambaa: kipi ni salama kwa rangi? Nilinunua sponji la jikoni likaacha mikwaruzo kwenye kava la mbele. Na je, taulo za mikrofaiba zina maana au ni biashara tu?

DerevaMbagala

Dada karibu. Kwangu kanga kuukuu imeshinda vyote vya bei nafuu. Isiwe mpya, kanga mpya ina wanga, maji yanateleza juu yake. Ile iliyofuliwa mpaka ikawa laini inanyonya vizuri na haina manyoya. Fulana ya pamba ya mtumba pia sawa, kata pindo zote zenye mshono mgumu, toa vifungo na zipu.

Mikrofaiba ina maana kweli. Nyuzi zake ni nyembamba mno, zinashika maji mengi na vumbi linaingia katikati ya nyuzi badala ya kusuguliwa juu ya rangi. Ila ifue peke yake, usitie dawa ya kulainisha nguo, inaziba nyuzi na taulo linaacha kunyonya. Ikidondoka chini usiirudishe kwenye tenki mpaka uifue tena.

Namna ya kufuta nayo ni jambo. Mara ya kwanza usisugue. Tandaza kitambaa juu ya tenki, kandamiza kwa kiganja, inua. Maji yanakwenda na kitambaa, mchanga mdogo uliobaki hauburuzwi. Mara ya pili ndiyo unafuta kawaida.

BodaKisauni

Nawasalimu kutoka Mombasa. Hapa Kisauni kuna jamaa wa kuosha ana blowa ya mkononi, ile ya kupulizia majani ya bustani. Upepo mwingi lakini si wa nguvu ya kompresa. Kwa dakika chache maji yote ya kwenye mapezi ya injini, chini ya siti na kwenye taa yametoka na hakuna kitambaa kilichogusa rangi. Kwa maoni yangu ndiyo njia bora kuliko zote. Mafundi mwasemaje? Na draya ya nywele ya saluni, yafaa?

FundiMchikichini

Kaka wa Kisauni, blowa naikubali kabisa. Upepo mpana, mwingi, wa baridi. Kama kijiwe kina watu kumi, changeni mnunue moja, mtaisahau kompresa kwa kazi hii. Draya ya saluni ni nzuri kwa sehemu moja tu: kepu ya plagi au swichi iliyolowa, kwa umbali, moto mdogo. Usiielekeze kwenye stika wala plastiki, na usiishike umesimama kwenye maji. Umeme wa nyumbani hauchezewi.

Sasa kompresa, maana wengi ndiyo mliyonayo. Kompresa ya mziba pancha inajazwa mpaka psi 100 na zaidi. Hiyo ni nguvu ya kuvimbisha tairi la lori. Kule Marekani sheria ya usalama kazini inataka upepo wa kusafishia usizidi psi 30, kwa sababu inatoboa jicho na inaweza kuingiza hewa mwilini kupitia kidonda. Huku naona vijana wanapulizana vumbi nguoni wakicheka. Acheni hiyo tabia, nawasihi.

Kwa pikipiki: shika bunduki ya upepo mbali kidogo, urefu wa mkono kutoka kiganjani hadi kiwikoni. Pulizia ubavu, kamwe usielekeze moja kwa moja kwenye beringi za magurudumu, shingo ya usukani, sili za shokapu za mbele au kwenye cheni yenye pete za mpira. Upepo unasukuma maji NDANI yalikokuwa hayajafika, unatoa grisi. Beringi inaanza kulia mwezi unaofuata na hakuna anayekumbuka ilianzia wapi.

Na kabla hujapuliza muulize mziba pancha kama ametoa maji ya kwenye tangi. Hewa ikishindiliwa, unyevu wake unakusanyika chini ya tangi la kompresa. Lina koki pale chini. Kama haifunguliwi, unapulizia pikipiki yako maji machafu yenye kutu na oili. Jaribu kwanza kwenye kiganja: kikilowa, ondoka.

MuuguziWaUsiku

Sio dereva, ila naombeni mnisikilize. Nipo zamu za majeruhi. Kuna kitu mnakifanya baada ya kuosha: chombo kwenye stendi kubwa, injini inawaka, gia imeingia, gurudumu la nyuma linazunguka, mtu ameshika tambara anaikausha cheni. Tambara linashikwa kati ya cheni na sproketi, na vidole vinafuata. Haichukui hata muda wa kupiga kelele. Nimewapokea vijana wa namna hiyo, na kidole kilichopita kwenye sproketi mara nyingi hakirudishwi.

Zimeni injini. Toeni funguo, wekeni mfukoni. Zungusheni gurudumu kwa mkono, tena kurudi nyuma, mkono mwingine ushike tambara upande wa chini wa cheni, mbali na meno.

DerevaMbagala

Dada muuguzi, Mungu akubariki. Hili naliandika kwenye kundi letu la kijiwe leo leo. Wote tumewahi kuona mtu anafanya hivyo na hakuna anayesema kitu.

KijanaWaIpagala

Nimesoma. La chokaa nakubali, yale maduara meupe ninayo. Lakini jua silitupi. Siti yangu imechanika, sponji inanyonya maji, hakuna kitambaa kitakachotoa maji ya ndani ya sponji. Bila jua, abiria wa kwanza ananiambia suruali imelowa.

DerevaMbagala

Kwenye siti upo sahihi, hapo jua lina kazi. Ila saidia kwanza: kunja taulo, liweke juu ya palipochanika, kandamiza kwa goti na uzito wako wote, geuza taulo, rudia. Kisha fungua siti kabisa, iegemeze ukutani ule mpasuko ukitazama chini, ndipo uliachie jua. Chombo chenyewe kibaki kivulini. Na ukipata nafasi mpelekee fundi siti akuwekee kava jipya, kuna nailoni ya kuweka chini ya kava, maji hayafiki tena kwenye sponji.

Mzee wa Gia Nne

WD-40 je? Mimi nikimaliza kuosha napuliza kila mahali, cheni, swichi, kila kitu. Pikipiki inakauka na inang'aa.

FundiMchikichini

Mzee wangu, shikamoo. Hiyo dawa ilitengenezwa San Diego, Marekani, mwaka 1953, kazi yake hasa ni kusukuma maji yaondoke kwenye chuma. Kwa hiyo kwenye swichi iliyolowa, tundu la funguo, ndani ya kepu ya plagi, upo sawa kabisa, puliza kidogo kisha futa. Kwenye cheni inasukuma maji, sawa, lakini utando unaobaki ni mwepesi, hauwezi kuibeba cheni ya bodaboda inayopakia mizigo kutwa. Ukishaipuliza, futa, halafu tia oili ya gia ya SAE 90 tone kwa tone upande wa ndani wa cheni, zungusha kwa mkono, acha ikae, futa inayozidi. Grisi nene usipake kwa nje, inashika mchanga na kusaga vipini.

Ila kwenye breki hapana, mzee wangu. Tone moja kwenye diski au likiingia kwenye breki shuu, breki hazishiki.

DerevaMbagala

Tumalizie la breki maana limeguswa tu. Ukitoka kuosha breki za mbele na nyuma zina maji. Diski inajifuta haraka, mara mbili tatu umeshika na imekauka. Ya nyuma hizi zetu za breki shuu ndiyo yenye tabu, maji yakiingia ndani ya kitovu hayana pa kutokea. Mahali pasipo na watu, mwendo mdogo, kanyaga breki kidogo kidogo huku unavuta mafuta kidogo, mpaka usikie inaanza kushika kwa nguvu ileile. Usilaze chombo kilicholowa breki. Shuu zinaganda kwenye kitovu kwa kutu, asubuhi gurudumu linakataa kuzunguka, ukilazimisha bitana inabanduka.

Diski ukiikuta na kutu ya rangi ya chungwa asubuhi usiogope. Ni ya juu juu, ukishika breki mara ya kwanza inaondoka.

Rafiki wa Kigali

Mwaramutse. Huku wengi tumehamia pikipiki za umeme za kubadilisha betri. Hatuna plagi wala ekzozi, lakini shida ya maji ipo. Betri inatolewa kwanza kabla ya kuosha. Baadaye nafuta sehemu zile za shaba ambapo betri inagusana na chombo kwa kitambaa kikavu kabisa, naacha wazi mpaka nihakikishe, ndipo narudisha betri. Zikiwa na unyevu zinafanya ukoko wa kijani na umeme unapita vibaya. Upepo mkali hatupulizi hapo.

DadaWaSkuta

Nimejifunza mengi, asanteni. Swali la mwisho: taa yangu ya mbele ina ukungu kwa ndani kila nikiosha. Nimeambiwa ninunue taa mpya. Na kwa kuwa narudi kutoka kazini saa mbili usiku, ndiyo muda ninaoosha, jua sina na kuendesha peke yangu usiku sitaki.

FundiMchikichini

Dada, usinunue taa. Ukungu mwepesi baada ya kuosha au mvua ni kawaida, taa ina tundu la kupumulia. Kesho ukienda kazini washa taa, joto lake litautoa. Ukiona maji yamesimama chini ya kioo kama kisahani, hapo sili imekufa, ilete.

Kwa kuosha usiku: usioshe chote. Usiku futa tu vumbi la juu na kitambaa chenye unyevu, kisha kikavu. Ile ya maji mengi iweke Jumamosi asubuhi, uisuuze, uifute, kisha uende nayo sokoni. Safari ya sokoni na kurudi inatosha kukausha injini na breki. Ukifika nyumbani usiifunike na turubai ikiwa bado ya moto au ina unyevu. Iache wazi mpaka jioni, funika baada ya hapo, na chini pawe na nafasi ya hewa kupita.

DadaWaSkuta

Jumamosi basi. Nitaleta mrejesho hapa.